Lori limesimama, mafuta yanakwenda

Dada: Karibuni tena jamani. Leo ni magari ya manispaa, ya taka, ya maji, pikapu za mafundi, yote yanakula mafuta kwa hela ya mlipa kodi na moshi wake tunauvuta sisi. Kaka, ukikabidhiwa gereji yao kesho asubuhi upunguze hayo mafuta na moshi, unaanzia wapi?

Kaka: Kwenye daftari. Najua watu wanataka nianze na magari ya umeme, ila ukiuliza lori hili mwezi uliopita limekula lita ngapi kwa kilomita ngapi na hamna anayejua, hata ukinunua magari mapya hutajua kama umepunguza chochote. Kila likijazwa, andika lita na kilomita za kwenye dashibodi, halafu linganisha yanayofanya kazi sawa, maana lori la taka linalosimama kila nyumba huwezi kulipima na pikapu.

Dada: Unakuta malori mawili mapacha, njia zinafanana, moja linakula zaidi.

Kaka: Ndo hapo! Labda breki inashika, labda filta ya hewa imeziba, matairi hayana upepo, au mafuta yananyonywa usiku. Daftari halikwambii ni lipi kati ya hayo, ila linakwambia ukafungue gari gani.

Dada: Mi kinachoniuma ni injini kuunguruma gari limesimama. Dereva anasubiri karatasi isainiwe, nusu saa nzima injini inawaka.

Kaka: Lori kubwa la dizeli hapo linachoma kama lita 3 kwa saa. Tuseme una malori 30, kila moja linasimama hivyo saa 2 kwa siku, hizo ni lita 180 na hakuna lililosogea hata mita. Na kila lita ya dizeli inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi.

Dada: Subiri kwanza, lita ya dizeli yenyewe haifiki kilo moja, hizo 2.7 zinatoka wapi?

Kaka: Hewani. Kaboni ya kwenye mafuta ikiungua inashikana na oksijeni, na kwenye hiyo kaboni dayoksaidi oksijeni ndo inayobeba uzito mkubwa. Kwa hiyo lita zetu 180 ni karibu nusu tani kwa siku, bure kabisa.

Dada: Lakini tusiwaonee madereva. Lori la kushindilia taka, ile mashine ya nyuma inaendeshwa na injini hiyohiyo, akizima hawezi kushindilia.

Kaka: Kweli kabisa, na nafurahi umesema, maana bosi anayeangalia jipiesi tu, kile kifaa cha kufuatilia gari, ataona gari limesimama injini inawaka, atamkata mtu mshahara kwa kosa ambalo halipo. Tenganisha kusimama kwa kazi na kusimama kwa kusubiri. Hicho cha kusubiri mara nyingi kosa si la dereva, ni la ofisi inayomchelewesha.

Dada: Na njia je? Kuna malori yanapita mtaa mmoja mara mbili, yanarudi dampo nusu tupu.

Kaka: Panga upya njia, hiyo haihitaji kununua kitu. Na fundi anayebeba sanduku la spana usimpe lori, mpe gari dogo.

Dada: Haya, umeme sasa, maana Shenzhen kule China kufikia 2017 walikuwa na mabasi ya umeme zaidi ya 16,000, mji mzima.

Kaka: Kwa manispaa mi ningeanza na lori la taka. Linasimama mara mamia kwa zamu, na kwenye dizeli kila ukishika breki nguvu yote inaishia kuwa joto, la umeme linarudisha sehemu kwenye betri. Halafu njia yake inajulikana na usiku linalala yadi, kwa hiyo unachaji hapohapo. Ila chagua njia fupi kwanza, isiyo na milima, na uipime kwa daftari lilelile.

Dada: Nikirudi daftarini, nani aandike, dereva au mtu wa pampu?

Kaka: Wote wawili, kila mtu na lake, na mwisho wa wiki yakutanishwe.