Timu Ndizo Zinazohama: Watoto wa Washington kati ya Orioles na Nationals

Ahsante mwenyekiti. Wazee shikamooni, na nyie wengine habari za jioni. Naona kofia nyekundu za Nationals upande ule na za rangi ya chungwa za Orioles upande huu. Katikati kuna bwana amevaa ya Yankees ya New York. Huyo tutamwombea.

Mada niliyopewa inauliza hivi: mtu aliyekua Washington au hapa Maryland akishangilia timu ya besiboli ya Orioles, ya Baltimore, kisha Washington ikapata timu yake, Nationals, mwaka 2005 naye akahamia huko, je, ni msaliti? Wanaonisikiliza mara kwa mara wanajua jibu langu, maana nalitoa kila ninapopewa kipaza sauti. Hapana. Huyo mtu hajahama popote. Wanaohama ni wenye timu, tena huhama na kila kitu hadi magongo, halafu aliyeachwa ndiye anaulizwa habari za uaminifu. Kanuni za mchezo sizielezi. Watoto wenu wameshawachosha nazo.

Nianze na tarehe 30 Septemba 1971. Najua wengine mmeichoka, vumilieni. Uwanja ni RFK wa Washington, timu ni Senators ya mji huohuo, na kila aliyeingia anajua kwamba msimu ujao mmiliki, Bob Short, anaipeleka Arlington, Texas, ikaitwe Rangers. Wageni ni Yankees. Senators walikuwa nyuma 5 kwa 1. Zamu ya sita Frank Howard, jitu la futi sita na inchi saba, akaupiga mpira ukavuka uzio, uwanja ukalipuka, timu nayo ikafufuka. Kufika zamu ya tisa, ya mwisho, ubao unasoma 7 kwa 5, Washington mbele. Mrushaji Joe Grzenda ameshawatoa wapigaji wawili wa Yankees. Amebaki mmoja. Akitoka huyo, mji unaiaga timu yake kwa ushindi.

Hakutoka. Mashabiki walimwagika uwanjani. Waling'oa besi, vile vituo vya kukimbilia, wakachimbua nyasi, wakabandua herufi za ubao wa matokeo. Waamuzi walisubiri, wakaona hakuna namna, na kanuni haina huruma: mwenyeji akishindwa kuutuliza uwanja wake, mechi anapewa mgeni, 9 bila. Ndiyo maana vitabu vinaonyesha kwamba Senators, waliokuwa wakiongoza, walifungwa mechi yao ya mwisho. Kuna atakayesema watu wale walikosa adabu. Sawa, walikosa. Lakini aliyetia saini ya kuwanyang'anya timu hakuchimbua hata jani moja, na hakuna anayemwita mhuni.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwa mpira uliokuwa mkononi mwa Grzenda. Grzenda aliondoka nao. Aliutunza miaka 33 na ushei, hadi tarehe 14 Aprili 2005, Nationals walipocheza mechi yao ya kwanza ya nyumbani kwenye uwanja uleule wa RFK, mbele ya watu zaidi ya 45,000. Mzee alikuja nao, akamkabidhi Rais George W. Bush, naye Bush akaurusha kufungua mechi. Na Bush huyo, kabla hajawa gavana, alikuwa mmoja wa wamiliki wa Texas Rangers, yaani timu ileile iliyobebwa kutoka Washington! Hakuna aliyecheka kwa sauti, watu walikuwa na furaha yao. Nationals wakawafunga Arizona Diamondbacks 5 kwa 3.

Kati ya mpira kuondoka na mpira kurushwa tena kuna misimu 33, kuanzia 1972 hadi 2004, ambayo mji mkuu wa Marekani haukuwa na timu ya ligi kuu ya besiboli. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 Senators wakiondoka alifikisha 40 Nationals wakifika. Alishangilia nini katikati? Alishangilia kilichomfikia. Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema mapenzi ya timu yanatoka moyoni. Moyo huja baadaye. Kwanza redio ishike, pili barabara ifike.

Redio ya WBAL ya Baltimore, 1090 kwenye masafa ya kati, ina nguvu ya wati 50,000, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikitangaza mechi za Orioles. Washington iko kama kilomita 60 tu. Mtoto mwenye redio ndogo kitandani hakuhitaji kuchagua timu. Na Baltimore wenyewe walikuwa wakimwita. Tazameni jezi za ugenini za Orioles: kuanzia 1973, msimu wa pili baada ya Senators kuondoka, jina la Baltimore lilifutwa kifuani likabaki Orioles peke yake, na halikurudi mpaka 2009. Timu ilikuwa inauza tiketi Washington, jina la mji likawa kikwazo. Mwaka 1979 ikanunuliwa na Edward Bennett Williams, wakili wa Washington, na watu wa Baltimore wakaishi kwa hofu kwamba ataihamisha. Mwaka 1992 ukafunguliwa uwanja wao wa Camden Yards katikati ya mji wa Baltimore. Treni ya MARC kutoka Washington inashusha watu pembeni yake, ila njia hiyo hufanya kazi siku za wiki tu, na mechi ya usiku ikiisha saa nne utaikosa. Kwa hiyo shabiki mtoto alihitaji mzazi mwenye gari na mwenye subira ya kurudi nyumbani saa tano usiku kesho ikiwa shule. Wapo waliofanya hivyo miaka nenda rudi. Halafu tarehe 6 Septemba 1995 Cal Ripken, mzaliwa wa Maryland, akacheza mechi yake ya 2,131 mfululizo na kuivunja rekodi ya Lou Gehrig. Mtoto wa miaka kumi aliyeona usiku ule, hata angekuwa anaishi mlango wa pili na Ikulu, ungemwambia nini kuhusu Baltimore?

Naona mkono. Najua swali: «Mbona mtu wa Simba haendi Yanga?» Kila mara linakuja, na kila mara linanikera kidogo. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, zote mbili za Kariakoo, moja Jangwani na nyingine Msimbazi, na hazijatoka hapo. Hakuna tajiri aliyewahi kuamka akaipeleka Yanga Mwanza na kuibadilisha jina. Siku hilo likitokea, tutakutana hapa tuone mtoto wa Jangwani atafanya nini miaka 33. Isitoshe, Orioles na Nationals si watani wa jadi. Ligi kuu ina pande mbili: Orioles wako ligi ya Amerika, Nationals ligi ya Taifa. Hawagombei nafasi moja kwenye msimamo, na hukutana mara chache kati ya mechi 162. Hata sheria zilitofautiana: hadi 2022 ligi ya Taifa kwa kawaida ilimlazimisha mrushaji ashike gongo mwenyewe, wakati ligi ya Amerika ilimruhusu mpigaji maalumu badala yake. Aliyekua na Orioles alikaribia kujifunza mchezo upya.

Kama mnataka usaliti nitawaonyesha ulipo. Uko kwenye mkataba wa televisheni.

Expos ya Montreal, ndiyo iliyogeuka Nationals, ilipotangazwa kwamba inakuja Washington, tarehe 29 Septemba 2004, mmiliki wa Orioles, Peter Angelos, alipinga, maana eneo lake la matangazo lilianzia Pennsylvania hadi North Carolina, na Washington imo ndani. Ligi ikamtuliza kwa kituo cha televisheni kiitwacho MASN, cha kurusha mechi za timu zote mbili. Hisa: Orioles asilimia 90, Nationals asilimia 10. Kuanzia 2010 fungu la Nationals lipande asilimia moja kila mwaka mpaka lifike 33 mwaka 2032, basi, liishie hapo. Kituo kilikuwa kikilipa timu zote mbili ada sawa ya haki za matangazo. Fuatilieni hesabu. Ada ikipanda, faida ya kituo inapungua, na faida hiyo sehemu kubwa ni ya Orioles. Ada ikishuka, Orioles anapoteza kwenye ada lakini anafidiwa kwenye faida. Nationals anapoteza huku, na kule anafidiwa kidogo tu. Kwa hiyo mmoja alitaka ada ndogo, mwingine kubwa, na walikaa meza moja. Ada za 2012 hadi 2016 zikawapeleka kwenye kamati ya ligi, kisha mahakama za New York, na hawakumalizana hadi Machi 2025. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgogoro ukianza alikuwa ameshafika umri wa chuo.

Lililowaumiza watoto zaidi lilikuwa mwanzoni. Comcast, kampuni kubwa ya kebo ya eneo hili, ilikuwa na ugomvi wake juu ya haki za Orioles, ikakataa kuibeba MASN hadi mwishoni mwa msimu wa 2006. Una timu mpya, mji una hamu, watu zaidi ya milioni 2.7 wameingia uwanjani mwaka wa kwanza, na nyumbani king'amuzi kinaonyesha kitu kingine! Sema ufuate kwenye intaneti: huduma ya ligi yenyewe ilimfungia mtu wa eneo la nyumbani mechi za timu zake, na mtu wa Washington alihesabiwa wa nyumbani kwa Orioles na kwa Nationals. Amelipia kifurushi, anaona mechi za Seattle.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitakimbia.

Walivyohama kwa kweli. Wengi hawakuvua kofia, waliongeza ya pili. Moja kwa kila ligi. Kwenye wimbo wa taifa bado utasikia watu wakipaza ile «O!» ya Orioles ndani ya uwanja wa Nationals, wengine wakizomea. Kilichowavuta pole pole ni uwanja mpya wa 2008, umbali mfupi kutoka kituo cha Navy Yard, laini ya kijani, ambao kijana wa miaka 15 anaufikia bila kuomba gari. Kilichochelewesha ni vipigo: Nationals walipoteza mechi 102 mwaka 2008 na 103 mwaka uliofuata. Orioles nao walikuwa katikati ya misimu 14 mfululizo ya kupoteza kuliko kushinda, 1998 hadi 2011, kwa hiyo hakukuwa na wa kumcheka mwenziwe. Mwaka 2012 zote mbili zikaingia mchujo. Na 2019 Nationals, walioanza kwa kushinda 19 na kupoteza 31, wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Houston Astros mara nne, zote ugenini. Baada ya hapo mjadala ulipungua sana.

Wazazi, la jezi: msinunue yenye jina mgongoni. Bryce Harper, nyota wa Nationals, aliondoka 2019 kwenda Philadelphia kwa mkataba wa miaka 13 na dola milioni 330, na msimu huohuo aliowaacha ndio waliochukua kombe. Makabati ya eneo hili yamejaa namba yake, 34. Aliyenunua ya Ryan Zimmerman, aliyeanza nao 2005 na kustaafu akiwa nao, alibahatika.

Nilitaka kuzungumzia Homestead Grays, timu ya ligi ya watu weusi iliyojaza uwanja wa Griffith karibu na Chuo Kikuu cha Howard miaka ya 1940, Josh Gibson akiwemo, maana kuna familia za Washington ambazo mapenzi yao ya kwanza hayakuwa Senators wala Orioles. Na Senators wengine, waliowatangulia hao wa 1971, walioenda Minnesota baada ya msimu wa 1960. Mmiliki wao, Calvin Griffith, alisema hadharani mwaka 1978 kwamba alichagua Minnesota kwa sababu watu weusi kule ni wachache. Kwa hilo dakika mbili hazitoshi, nitaomba siku nyingine.

Na Montreal pia. Watoto wa Expos walikuwa na timu iliyoshinda mechi 74 na kupoteza 40, bora kuliko zote, mgomo wa wachezaji ulipousimamisha msimu tarehe 12 Agosti 1994. Miaka kumi baadaye ikaondolewa, na iliyobaki Kanada ni ya Toronto, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Furaha ya Washington ilitoka huko. Wale hawajaletewa timu mpya ya karibu mpaka leo, kwa hiyo swali la kuhama kwao bado halijafika. Karibuni maswali, tuanze na bwana wa Yankees.