Karakana ya Seremala Nyuma ya Nyumba: Anza na Ubao Mrefu

Karibu, mtazamaji. Leo tunajenga karakana ya useremala nyuma ya nyumba, tukianzia kwenye karatasi mpaka mashine iwake. Kabla hujagusa jembe, jiulize: ubao mrefu kuliko yote utakaoushughulikia utapita wapi?

Wengi hupima mashine zao, wakajumlisha, wakajenga chumba cha kuzitosha. Chumba kinajaa siku ya kwanza ya kazi. Msumeno wa meza ukiwa umezimwa hauchukui nafasi kubwa. Ila ukipasua ubao wa mita 2.4, ubao wote huanza mbele ya msumeno na wote huishia nyuma yake. Weka mita 2.5 kila upande, ongeza meza yenyewe katikati, na tayari unakaribia mita 6. Ndiyo sababu karakana yetu ya leo ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4.5.

Chukua karatasi ya A4. Kila mita 1 iwe sentimita 4, na chumba chetu kinakuwa mstatili wa sentimita 24 kwa 18. Sasa kata vipande vya karatasi ngumu kwa kipimo hichohicho: msumeno, mashine ya randa, meza ya kazi, kabati. Usisahau kukata na ubao wenyewe, pamoja na plaiwudi nzima ya mita 1.22 kwa 2.44. Vitembeze: ubao uingie mlangoni, ufike rafu ya mbao, upite kwenye msumeno, kisha randa, kisha meza ya kazi. Kipande kikigonga kitu, sogeza kitu hicho. Kazi hii ichukue jioni nzima, hainigharimu mimi wala wewe.

Na kama eneo lako ni dogo? Panga msumeno utazamane na mlango. Ubao mrefu ukizidi, fungua mlango utokeze nje. Kwa randa, dirisha dogo lililo sawa na kimo cha meza yake hufanya kazi hiyohiyo.

Ulizia pia sheria za ujenzi za mahali ulipo, hasa umbali wa kuacha kutoka mpakani, na uwafikirie majirani na kelele. Hapo sikai sana.

Sasa twende uwanjani. Piga vigingi viwili umbali wa mita 6, funga kamba, hapo una ukuta mrefu. Ukuta mfupi ni mita 4.5. Nimechagua vipimo hivi makusudi: kona ikiwa mraba, mlalo kutoka kona hadi kona ni mita 7.5 kamili, kwa sababu ni ile hesabu ya pembetatu ya pande 3, 4 na 5 ambayo kila fundi anaijua, hapa kila upande mara 1.5. Tazama hapa karibu. Mwenzangu ameshika mwanzo wa tepu kwenye msumari ulio juu ya kigingi, si ubavuni mwa kigingi. Mimi navuta mpaka kona ya pili: 7.53. Kigingi changu kiko nje kidogo. Nakigonga kuelekea ndani, napima tena, 7.5. Sasa pima mlalo wa pili. Ukilingana na wa kwanza, endelea. Usipolingana, usimsingizie tepu. Rudi kwenye vigingi.

Tunakuja kwenye sakafu, na hapa sitakuharakisha. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, jaza kokoto, shindilia vizuri. Pembeni chimba mfereji ili ukingo wa zege uwe na kina na upana wa sentimita 30, maana ndipo kuta zitakapokalia. Katikati jamvi la zege lenye unene wa sentimita 10 linatosha. Kama udongo wako ni mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua, au huganda wakati wa baridi, mwite fundi wa misingi auone kwanza.

Tandaza nailoni nzito, vipande vipandane vizuri. Sakafu isiyo na nailoni hupandisha unyevu, na unyevu huo huishia kwenye mbao zako na kwenye chuma cha randa. Weka wavu wa nondo juu ya vijiwe, usilale chini kabisa. Halafu kuna bomba ambalo watu hulisahau: pitisha la plastiki kutoka ukutani mpaka pale msumeno utakapokaa. Waya wa umeme utapita humo. Zege likishakauka, nafasi hiyo huipati tena bila tindo, na waya wa kuburuzwa sakafuni ni mtego wa miguu karibu na meno ya msumeno.

Mchanganyiko ni 1 kwa 2 kwa 4: saruji, mchanga, kokoto. Kwa karakana hii unahitaji karibu mita 4 za ujazo, yaani mifuko kama 26 ya kilo 50. Maji kidogo. Zege jepesi kama uji ni rahisi kumwaga lakini hubaki dhaifu. Lisawazishe, lifunike, limwagilie kwa siku 7. Nguvu yake ya kuhesabiwa huifikia ikitimia siku 28, kwa hiyo mashine nzito zisubiri.

Kuta zetu ni za fremu ya mbao. Ubao wa chini, ule unaogusa zege, uwe umetiwa dawa, na ufungwe kwa boliti. Nguzo zisimame kila sentimita 61, katikati hadi katikati, ili ukingo wa plaiwudi uangukie juu ya nguzo. Kimo cha ukuta wa upande wa chini wa paa kiwe mita 2.7; ukiinua plaiwudi wima usigonge dari. Paa ni la mteremko mmoja: upande wa pili uinue sentimita 80, na mvua itaondoka yenyewe. Chini ya mabati weka kinga ya joto na dari. Bati tupu hutoa jasho usiku wa baridi, na matone hayo huangukia mashine.

Mlango uwe wa mbawa mbili, jumla mita 1.8, ufunguke kwa nje usile sakafu. Madirisha yapunguze mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini na kukupiga machoni.

Umeme mwachie fundi umeme, lakini mwambie unachotaka. Taa ziwe kwenye laini yake, mashine kwenye laini nyingine. Mashine ikizidiwa breka, ile swichi inayokata umeme, ikashuka, msumeno huendelea kuzunguka kwa muda. Hutaki kuwa gizani wakati huo. Mota ya kilowati 1.5 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9 au 10 ikifanya kazi, na mara kadhaa zaidi inapowaka. Soketi ziwe juu ya kimo cha meza, zisizibwe na mbao zilizoegeshwa. Na erthi haina mjadala.

Vumbi sasa. Maranda yanayoonekana sakafuni ni ya kufagia tu. La kuogopa ni lile laini linaloelea hewani. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo vuta vumbi palepale linapotoka, kwenye tundu la kutolea vumbi la kila mashine, na mashine ya kunyonya ikiweza ikae kwenye kibanda chake nje. Barakoa vaa hata hivyo, hasa ukipiga msasa.

Meza ya kazi iingie kabla ya kabati lolote. Simama wima, mikono ikining'inia: uso wa meza uwe kwenye kifundo cha mkono au chini yake kidogo. Ikiwa utaiweka nyuma ya msumeno, basi kimo kiamuliwe na msumeno: ipungue milimita 3, ubao uteleze juu yake bila kukwama. Mimi napendelea hivyo, hata kama ninainama kidogo nikipiga randa.

Mwisho, kizima moto kining'inie karibu na mlango, mbali na kona ya vanishi. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyakunje wala kuyatupa kwenye pipa la maranda. Mafuta yakikauka hutoa joto, na fundo la tambara linaweza kuwaka lenyewe. Yaanike nje moja moja mpaka yakakamae, ndipo uyatupe.