Manda, Friza na Umeme wa Chini ya Bahari

KHAMIS: Assalaam aleikum msikilizaji, karibu tena. Niko na Bi Asha, na leo tunazungumzia chakula cha tayari, kile unachonunua kimeshatengenezwa, ukifika nyumbani unamalizia tu.

BI ASHA: Waaleikum salaam. Mie naanza na manda, zile chapati nyembamba za kufungia sambusa, maana watu wakisikia chakula cha tayari akili inakwenda kwenye maduka makubwa. Sisi tunacho siku nyingi. Ukifika mwezi wa Shaabani, wanawake mitaani wanapokea oda za manda za sambusa mpaka nyengine wanazikataa.

KHAMIS: Kwani kazi yake kubwa hivyo?

BI ASHA: Weye unazikuta mezani! Unasukuma vidonge vidogo, unapaka mafuta, unanyunyiza unga, unavipanga kimoja juu ya chengine, halafu unavisukuma tena kwa pamoja. Unatia kwenye chuma, unageuza upesi. Kisha unazibandua zingali moto, vidole vinaungua, maana zikipoa hazibanduki. Mtu anatoka kazini saa kumi, atabandua manda saa ngapi na magharibi inamsubiri?

KHAMIS: Sasa kinachotuzuia kuzifanya za kiwandani, na sambusa zake, ni nini?

BI ASHA: Baridi. Friza ya nyumbani inagandisha polepole, kwa hivyo barafu inafanya chembe kubwa zinazotoboa nyama na mboga. Ukiyeyusha, maji yanachuruzika na manda inalowa. Friza za kiwandani zinapuliza upepo wa baridi kali, kitu kinaganda upesi, chembe zinabaki ndogo. Baada ya hapo kinatunzwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila baridi kukatika.

KHAMIS: Bila kukatika! Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Unguja tulikaa gizani karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008. Disemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010.

BI ASHA: Nilikuwa na friza imejaa kisamvu, nimekitwanga mwenyewe, nimekifunga vifuko vya kuuza. Siku ya tatu nikakimwaga chote. Nililia, Khamis.

KHAMIS: Pole sana, Bi Asha. Ndiyo maana mie nataka tukitazame zaidi chakula kisichohitaji friza. Kule Japani mwaka 1958 Momofuku Ando alizikausha tambi zilizokwisha pikwa kwa kuzikaanga kwenye mafuta. Maji yakatoka, zikaweza kukaa kabatini, mlaji anatia maji ya moto tu. Sisi tuna muhogo, tuna shelisheli zinazoozea chini ya miti msimu ukifika.

BI ASHA: Vya kukausha nakubali. Ila mchuzi wa nazi, hapo nawasihi vijana. Achari ya embe inakaa kwa sababu ya chumvi na ukali wa siki. Mchuzi wa pweza hauna ukali. Ukiufunga kwenye chupa ukauacha kabatini, humo bakteria wa botulizimu anaweza kuota, na mbegu zake hazifi kwa kuchemsha kwa nyuzi 100. Sumu yake inaua, na pengine hata harufu huisikii.

KHAMIS: Viwandani wanafanyaje?

BI ASHA: Wanaufunga mchuzi kwenye mfuko kwanza, halafu wanaupika humo humo kwa mvuke wa shinikizo mpaka nyuzi 121. Mashine hiyo hakuna mama mmoja atakayeimudu. Naomba iwepo moja ya pamoja, kila kikundi kije na mchuzi wake kwa zamu, kilipie, kama tunavyopeleka nafaka mashine ya kusaga. Na fundi anayejua vipimo awe pale pale.

KHAMIS: Na friza ya upepo pembeni yake, yenye jenereta.

BI ASHA: Hapo umesema. Na Pemba pia wapate yao, wasilazimike kuvuka bahari na mizigo.

KHAMIS: Kuna msikilizaji anauliza, sambusa za friza zinampasukia kwenye mafuta.

BI ASHA: Asiziyeyushe. Azitoe, azikung'ute barafu, azitie chache chache kwenye mafuta ya moto wa wastani. Moto ukiwa mkali, nje zinaungua na ndani bado barafu.