Daftari la Wagonjwa wa Nje Ndilo Darasa la Tabibu

Ndugu matabibu, wauguzi na waganga wafawidhi,

Jambo hili nimelisema katika vikao vingi, na nitaendelea kulisema mpaka litekelezwe: elimu endelevu ya tabibu wa zahanati haina budi kuanzia katika chumba anachoonea wagonjwa. Semina ya mjini ina nafasi yake, lakini tabibu akitoka huko anaikuta foleni ileile, na mbele ya foleni mkono hufuata mazoea.

Nitawapeni kisa changu mwenyewe. Nikiwa tabibu kijana katika zahanati ya kijijini, nilikuwa nimehitimu mafunzo ya siku 11 ya matibabu ya watoto kwa uwiano na cheti nilikuwa nacho. Mama mmoja akaniletea mtoto wa miezi 8 mwenye homa na kikohozi. Kipimo cha haraka cha malaria kilitoka hasi, nami nikamwandikia dawa ya mseto ya malaria hata hivyo, kwa sababu tulikuwa tumezoea kwamba homa ni malaria. Siku ya pili mtoto akarudishwa akihema kwa shida, hawezi kunyonya. Tulimpa rufaa, na namshukuru Mungu kwamba alipona. Jioni ile nilifungua kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani daftari la wagonjwa wa nje katika mfumo wa taarifa za afya, nikarudi nyuma mwezi mzima, nikawahesabu watoto wote niliowapa mseto ilhali kipimo kilikuwa hasi. Walikuwa wengi mno, na sikumbuki hata mmoja kati yao niliyemhesabia pumzi kwa dakika nzima.

Nawaomba mlitazame hilo vizuri, kwa maana maarifa hayakunipungukia. Nilijua kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka kuliko kawaida, nayo ni dalili ya nimonia, na kwamba kuanzia miezi 12 hadi miaka 5 kiwango ni 40. Katika mtihani nililijibu swali hilo sawasawa. Nilichokosa ni mwenzangu wa kuketi nami kila wiki, daftari likiwa wazi katikati yetu, aniulize: huyu ulimhesabia pumzi? Na yule mwenye kipimo hasi, mseto ulikuwa wa nini? Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta malaria kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, huku zaidi ya nusu wakiwa na maambukizi ya njia ya hewa.

Najua yupo atakayesema kwamba anaona wagonjwa sitini kwa siku na muda hana. Ndugu yangu, sikuombi saa nzima kila siku. Nakuomba nusu saa ya Ijumaa mchana, watu wawili, kurasa mbili za daftari, ugonjwa mmoja. Mwingine atadai ushahidi, na ana haki ya kuudai. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za afya, uliokusanya tafiti 140 kuhusu kumrudishia mtoa huduma picha ya kazi yake, ulikuta maendeleo ya kawaida ni madogo, kiasi cha asilimia 4. Lakini yalikua pale ambapo utendaji wa awali ulikuwa duni, mrejesho ukatolewa zaidi ya mara moja na msimamizi au mwenzake, tena pamoja na lengo lililo wazi. Hiyo ndiyo hali ya vituo vyetu, kwa hiyo sielewi tunasubiri nini.

Miongozo nayo hubadilika. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto mwenye nimonia ambaye kifua kinabonyea anapovuta pumzi, asiye na dalili za hatari wala VVU, atibiwe nyumbani kwa amoksilini ya kunywa, ilhali zamani tulifundishwa kumpa rufaa. Tabibu aliyehitimu kabla ya hapo ataambiwa na nani?

Kuhusu kupima presha nitasema kwa ufupi: mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo uegemee, mkono uwe usawa wa moyo, na mkanda umtoshe. Kuhusu rufaa, hospitali zinazopokea wagonjwa wetu ziturudishie majibu, hata kwa mistari mitatu, ili nasi tujue tulipokosea.

Muda wangu umekwisha. Maswali yaanze na wale wa zahanati walioketi nyuma.