Chagua Mvutano Kwanza, Namba Baadaye: Nyuzi za Gitaa la Umeme

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo ni nyuzi za gitaa la umeme tu: unene upi, madini yapi, na gitaa lenyewe lifanyiwe nini ukishabadili unene. Baraka, tuanzie wapi?

BARAKA: Asante, dada Zuhura. Habari zenu wasikilizaji. Tuanze na swali ambalo huulizwa nusu: "Nichukue 9 au 10?" Huwezi kulijibu kabla hujajua mambo mawili. La kwanza, uzi unaolia una urefu gani, kutoka pale shingo inapokutana na kichwa hadi kwenye daraja, yaani kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. La pili, gitaa hilo linatuniwa, yaani linapangwa, kwenye sauti gani. Namba ya pakiti inakuambia unene. Mkono wako hausikii unene, unasikia mvutano.

ZUHURA: Na kwa anayeanza, ile 9 au 10 ni kipenyo cha uzi wa kwanza, yaani E nyembamba, kwa sehemu za elfu za inchi. Kumi ni inchi 0.010, robo ya milimita hivi. Pakiti ikiandikwa 10-46, uzi mwembamba ni 10 na mnene ni 46. Ndani yake mara nyingi utakuta 10, 13, 17, 26, 36 na 46. Ile ya 9-42 huwa ni 9, 11, 16, 24, 32 na 42.

BARAKA: Sasa tazama namba hizo zinafanya nini. Mvutano unapanda kwa mraba wa kipenyo. Kutoka 9 kwenda 10 unaona tofauti ya elfu moja ya inchi, unasema si kitu. Lakini kumi mara kumi ni 100, tisa mara tisa ni 81. Uzi wa kwanza umeongezeka mvutano kwa zaidi ya asilimia 20! Ukijumlisha nyuzi zote sita kwenye gitaa la inchi 25.5, seti ya 9-42 inavuta shingo kwa kilo 38 au 39 hivi, na ya 10-46 kwa kilo 47 hivi. Shingo imeongezewa mzigo wa kilo nane.

ZUHURA: Hiyo inchi 25.5 ndiyo ya magitaa kama Stratocaster na Telecaster, milimita 648. Les Paul iko karibu na inchi 24.75, milimita 628. Urefu nao unaingia kwa mraba, kwa hiyo seti ileile, kwenye sauti ileile, inapungua mvutano kama asilimia 6 kwenye Les Paul. Ndiyo maana mtu anapiga 10 kwenye gitaa fupi anaona inapindika vizuri, yaani kidole kinausukuma uzi pembeni kirahisi sauti ikapanda, akizihamishia kwenye gitaa refu anaona zimekuwa ngumu. Nyuzi ni zilezile.

BARAKA: Na kutuni chini ndiko kunakobadilisha zaidi. Ukishusha gitaa lote nusu toni, mvutano unapungua asilimia 11 hivi. Toni nzima, asilimia 21 hivi. Hapa kuna hesabu ya kushika: seti ya 11 iliyoshushwa toni nzima inakaribiana sana na seti ya 10 kwenye sauti ya kawaida. Kwa hiyo anayepiga D hadi D, yaani nyuzi zote zimeshushwa toni nzima kutoka E, na anapenda 10 zinavyojibu, achukue 11.

ZUHURA: Na anayeshusha uzi wa sita peke yake kutoka E kwenda D?

BARAKA: Huyo hana haja ya kubadili seti nzima. Uzi wa 46 ukiushusha hadi D unalegea, ukipiga kwa nguvu sauti inapanda kwanza halafu ndiyo inatua. Weka 52 pale. Mvutano wa 52 kwenye D unakuwa karibu sawa na wa 46 kwenye E. Ziko seti za 10-52 zilizotengenezwa hivyo, juu nyembamba, chini nene: kawaida ni 10, 13, 17, 30, 42, 52. Lakini ukitumia sauti ya kawaida muda wote, seti hiyo itakupa besi nzito kuliko nyuzi tatu za juu. Wengine wanaipenda kwa ridhimu. Mimi kwa sauti ya kawaida singeichagua.

ZUHURA: Tuwasaidie na dalili. Utajuaje kwamba nyuzi zako ni nyembamba mno kwa mkono wako? Sikiliza akodi. Ukikandamiza kwa nguvu, hasa gitaa lenye freti, vile vyuma vya kukatiza shingo, zilizonyanyuka sana, uzi mwembamba unasukumwa kuelekea ubao na sauti inapanda. Gitaa limetuniwa sawasawa, lakini akodi zinasikika vibaya. Dalili nyingine ni nyuzi kugonga freti ukipiga kwa nguvu, kwa sababu uzi uliolegea unayumba kwa upana zaidi. Kabla ya kupandisha nyuzi juu, jaribu unene unaofuata.

BARAKA: Na zikiwa nene mno, ukipinda uzi kwa toni nzima unafika nusu na robo tu, kisha unadhani umefika. Halafu vidole na kifundo cha mkono vinauma. Maumivu ya kifundo si ya kuzoea, shuka unene mmoja. Na ile imani kwamba uzi mnene ndio wenye sauti nene, ipunguzeni. Uzi mnene una chuma zaidi mbele ya pikapu, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, kwa hiyo unatoa nguvu zaidi kidogo na hauyumbi sana. Lakini kitufe cha toni na pikapu kuwa karibu au mbali na nyuzi vinaweza kubadilisha sauti kuliko elfu moja ya inchi.

ZUHURA: Zipo pia za katikati, 9.5-44. Kwa anayeona 9 laini na 10 ngumu, hizo si mbwembwe, zinafanya kazi.

BARAKA: Naam. Sasa madini.

ZUHURA: Tuanze na kosa kubwa. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi ukitikisika juu yake, unavuruga uga wa sumaku na umeme unazaliwa. Kwa hiyo uzi lazima uwe wa madini yanayovutwa na sumaku. Nyuzi za gitaa lisilo la umeme zilizovishwa, yaani zilizozungushiwa, waya wa bronzi, ukizifunga kwenye gitaa la umeme, zile mbili nyembamba za chuma kitupu zinalia kwa nguvu, na zile nne zilizovishwa zinafifia, maana pikapu inasikia kiini cha chuma cha ndani tu. Watu hulaumu pikapu bure. Nailoni ndiyo haisikiki kabisa.

BARAKA: Kwa gitaa la umeme, nyuzi za juu karibu zote ni chuma kitupu, tofauti ipo kwenye zile zilizovishwa. Vazi la kawaida ni waya wa chuma uliopakwa nikeli, na hapo ndipo anza kama huna sababu nyingine. Sauti ina mwangaza wa kutosha na haili freti haraka. Nikeli tupu ni laini zaidi, sauti ina joto, ncha kali zimepungua. Stenlesi ina mwangaza mkali na inavumilia jasho, lakini ni ngumu, inasaga freti za kawaida mapema zaidi, na ukiteleza kidole utasikia mkwaruzo.

ZUHURA: Kuna zilizovishwa waya bapa, ambazo ukizipapasa hazina mikwaruzo. Wapiga jazi wanazipenda kwa sauti yake ya duara. Seti hizo nyingi huanzia 11 au 12, na uzi wa tatu, G, huja umevishwa. Hiyo G tuisimamie kidogo.

BARAKA: Ndiyo, G ndiyo inayosumbua zaidi. Uzi mtupu wa 17 au 18 ni mnene na mkakamavu, kwa hiyo ukiukandamiza sauti yake inapanda zaidi kuliko majirani zake. Ukifika seti ya 12, G tupu inakuwa 20 au zaidi, na akodi za freti za kwanza zinaanza kugombana. G iliyovishwa ina kiini chembamba, inatulia kwenye akodi. Bei yake ni kwamba haipindiki kirahisi. Anayepiga akodi achukue iliyovishwa. Anayepiga solo za kupinda abaki na tupu.

ZUHURA: Nyuzi zenye utando wa plastiki zinadumu zaidi kwa mwenye jasho kali, kwa sababu uchafu hauingii kati ya mizunguko. Wengine huona zinateleza mno. Hilo ni la kidole chako.

BARAKA: Sasa umebadili unene. Wengi huishia hapo, halafu wanasema nyuzi mpya ni mbovu. Kilo nane zimeongezeka! Kama daraja lako linaelea, lile lenye springi nyuma, nyuzi mpya zinalivuta na nyuma yake inanyanyuka. Geuza gitaa, fungua kifuniko, kaza skrubu mbili zinazoshika springi, nusu mzunguko kila moja, tuni tena, tazama. Rudia mpaka daraja lilale sawa na mwili. Skrubu zikifika mwisho, ongeza springi moja. Ukienda kwenye nyuzi nyembamba, fanya kinyume chake.

ZUHURA: Na kwa daraja la aina ya Floyd Rose, ambalo nalo linaelea, badilisha uzi mmoja mmoja. Ukitoa zote sita, springi zinalilaza daraja lote na utatuni mpaka uchoke.

BARAKA: Baada ya daraja, shingo. Nyuzi nene zinaivuta mbele, inajikunja kama upinde. Nyembamba zinaiachia, inanyooka au hata kurudi nyuma, na freti za kwanza zinaanza kuvuma. Pima hivi: gitaa likiwa limetuniwa, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya kwanza, kandamiza uzi wa sita pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama pengo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Robo milimita ni mahali pazuri pa kuanzia. Pengo likizidi, kaza nondo ya ndani ya shingo, mwendo wa saa, ukiitazama ncha yake. Likikosekana, ilegeze. Robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha tuni upya na upime. Ikigoma, usiilazimishe. Nondo ikikatika, hilo ni tatizo kubwa kuliko nyuzi zote za dunia.

ZUHURA: Kisha kile kipande chenye mifereji sita kati ya kichwa na shingo, tukiite nati. Mfereji uliochongwa kwa 42 hauupokei uzi wa 46 au 52 kwa raha. Utasikia "tik" wakati wa kutuni, na sauti inaruka badala ya kupanda taratibu. Paka mavumbi ya risasi ya penseli. Isipotosha, mfereji upanuliwe kwa tupa ya unene unaolingana, kwa fundi, kwa sababu ukichimba chini badala ya pembeni uzi utavuma na nati itabidi ibadilishwe.

BARAKA: Mwisho wa yote, urefu wa kila uzi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, soma tuna, yaani kipima sauti. Kisha ukandamize palepale, soma tena. Sauti ya kukandamiza ikiwa juu, rudisha kiti cha uzi, kile kipande cha daraja kinachoubeba, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivi kwa nyuzi mpya tu. Uzi uliochakaa haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho, utazungusha skrubu usiku kucha na hautakubali.

ZUHURA: Kufunga kwenyewe tupite haraka. Uzi mtupu uzunguke kigingi, kile cha kichwani cha kutunia, mara mbili au tatu, mnene mara mbili zatosha, mizunguko ishuke chini bila kupandana. Vigingi vya kujibana havihitaji hata mzunguko mmoja kamili. Ukikata mabaki, kwanza kunja uzi kwa pembe kali, ndipo ukate, hasa nyuzi zenye kiini cha duara, maana ukikata kabla ya kuzikunja vazi linafunguka ndani na uzi unakufa kabla haujalia. Halafu uvute kwa kidole taratibu, tuni, vuta tena, mpaka sauti isishuke.

BARAKA: Na ukikatika, usitupe. Angalia umekatikia wapi. Nyuzi zikikatikia kwenye kiti cha daraja, na mara zote ni uzi uleule, kuna ncha kali ya chuma pale. Ilainishe kwa msasa laini wa 600, kisha wa namba ya juu zaidi. Zikikatikia kwenye kigingi, pitisha kidole ukingoni mwa tundu lake utafute makali. Zikikatikia kwenye nati, mfereji unabana.

ZUHURA: Na zikikatikia pale unapopiga piki, kile kibamba cha kupigia nyuzi?

BARAKA: Hapo nyuzi zimezeeka. Papasa chini ya uzi, upande unaogusa freti. Ukisikia vijishimo, badilisha seti nzima.