Argoni na Mzingo Usiojaa

Andikeni mpangilio wa elektroni za argoni: 2, 8, 8. Sasa niambieni, je, mzingo wa tatu umejaa? Naona wengi mnaitikia kwa kichwa. Ndivyo tunavyokaririshwa: gesi adimu hazichangamani na elementi nyingine kwa sababu mzingo wao wa nje umejaa. Kwa heli na neoni ni kweli kabisa. Lakini mzingo wa tatu una nafasi 18, na argoni ina elektroni nane tu humo. Nafasi kumi ziko wazi, na bado gesi hii imetulia tuli.

Kauli ile inanikera, maana inamnyima mwanafunzi sehemu tamu kuliko zote. Mzingo wa tatu umegawanyika katika vijimzingo: s hubeba elektroni mbili, p sita, d kumi. Argoni imejaza s na p. Zile nafasi za d ziko juu mno kinishati, kiasi kwamba potasiamu, yenye elektroni 19, huiweka ile ya mwisho kwenye mzingo wa nne. Huko iko mbali na kiini, na elektroni 18 za ndani zinaukinga mvuto wa protoni. Ndiyo maana kuing'oa kunahitaji kilojuli 419 tu kwa moli. Kwa argoni ni 1521! Elektroni zake za nje zimeshikwa barabara, na elektroni ngeni ikija haipati pa kushikwa.

Kwa hiyo ulizeni nishati, msiulize kujaa. Ukiuliza hivyo, utaona kwamba utulivu una viwango. Zenoni ni atomi kubwa, elektroni zake za nje ziko kwenye mzingo wa tano, na kung'oa moja ni kilojuli 1170. Mwaka 1962, huko Vancouver, Kanada, mkemia Neil Bartlett alijua kwamba heksafloridi ya platini, kiwanja cha platini na florini, inaweza kuipokonya molekuli ya oksijeni elektroni. Akalinganisha nishati ya kung'oa elektroni: molekuli ya oksijeni na atomi ya zenoni zinakaribiana mno. Akachanganya gesi mbili, zenoni na heksafloridi ile, na papo hapo ikatokea yabisi ya rangi ya njano iliyoelekea chungwa. Mwaka huohuo ikapatikana tetrafloridi ya zenoni, fuwele zinazodumu kwenye joto la kawaida. Neoni, inayodai kilojuli 2081, haijakubali kitu cha namna hiyo mpaka leo.