Vuta Kiungo cha Bolti Hadi Kishindwe, Kisha Kiingize Kwenye Kompyuta

Karibuni, mafundi wenzangu. Leo tuko karakanani hapa Lamu, tunavuta kiungo cha mbao na chuma hadi kishindwe. Heri kishindwe hapa chini kuliko juani juu ya paa la mtu.

Mbao yetu ni mvule mkavu, unene milimita 30, upana 100. Kata kipande, kipime uzito, ugawe kwa ujazo. Hiki kimetoa kilo 600 kwa mita ya ujazo. Usiruke hatua hii, hesabu yote inasimama juu yake.

Sasa toboa. Bolti ni ya milimita 12, kwa hiyo tundu lisizidi 13. Tazama kidole changu: katikati ya tundu hadi ncha ya mbao ni milimita 84, mara saba ya kipenyo cha bolti. Ukifupisha hapo, mbao itapasuka ghafla kufuata nyuzi zake. Mafundi wa majahazi wa Matondoni wanalijua hili. Hutoboa kwa keke kwanza, ndipo wapigilie msumari.

Bana mbao kati ya mabamba mawili ya chuma. Ncha ya pili tia bolti tatu, ili kishindwe kile tunachokipima. Nati kaza kwa vidole tu. Ukiikaza kwa spana, msuguano utabeba mzigo na majibu yatakuwa ya uongo.

Kabla ya kuvuta, tabiri. Kanuni ya Ulaya ya ujenzi wa mbao, Eurocode 5, inakadiria hivi nguvu ya mbao kuhimili msukumo wa bolti: 0.082 mara 0.88 mara uzito wetu wa 600, unapata nyutoni 43.3 kwa milimita ya mraba. Hiyo 0.88 inatokana na kipenyo cha bolti. Zidisha kwa unene 30, kisha kwa kipenyo 12: karibu nyutoni 15,600, yaani mzigo wa karibu kilo 1,600. Kwa mbao nyembamba hivi, bolti hubaki imenyooka na mbao ndiyo inayobonyea. Mbao ikiwa nene bolti hupinda, na hapo utahitaji milinganyo ya Johansen, Mdenmaki aliyeiandika 1949.

Haya, winchi ya mnyororo, na mzani wa kuning'iniza. Watoto nje! Panda hadi kilo 640, ngoja sekunde 30. Shuka hadi 160, ngoja tena 30. Kisha vuta mpaka kishindwe, au mpaka kisogee milimita 15. Mwanzoni mshale wa geji inayopima msogeo utakimbia huku uzito haupandi: hiyo ni nafasi ya tundu, usiiandike kama ulegevu wa mbao.

Fungua. Tundu limekuwa refu kama yai, na nyuzi za upande mmoja zimekunjamana.

Kwenye kompyuta, kiungo usikichore kama kimegandishwa. Weka springi. Tuseme kati ya kilo 160 na 640 kimesogea milimita 0.2: tofauti ya kilo 480 ni kama nyutoni 4,700, gawa kwa 0.2, springi yako ni nyutoni 23,500 kwa milimita. Rudia kwa vipande kadhaa, kwani kimoja hakitoshi kuamulia paa. Na kwa chumvi hii ya bahari, tumia bolti za chuma kisichoshika kutu. Namba tulizopata ni za bolti nzima, si iliyoliwa.